Mkituigiza, Tuiteni

Barua ya wazi kwa Jumuiya ya Waandishi na Wanafasihi wa Oman, na kwa watunzi, waongozaji na waigizaji wote wa Maskati

Waheshimiwa ndugu zangu,



Nawaandikia kwa Kiswahili, lugha inayosemwa katika nyumba nyingi za mji huu, kutoka Ruwi mpaka Al Khuwair na Seeb, lugha ambayo baadhi yenu mliisikia kwa bibi zenu kabla hamjajua kushika kalamu. Wasioijua hawatakosa wa kuwasomea. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la hadharani. Ni namna tunavyowaandika na kuwaigiza wahamiaji katika riwaya zetu, katika kumbi zetu za maigizo, na katika tamthilia zinazoingia sebuleni kwetu kila Ramadhani.

Mimi ni Muomani niliyezaliwa Unguja. Wazee wangu walikuja huku baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika duniani warudi kujenga kwao. Nimekua nikiitwa mgeni katika nchi ya babu zangu kwa ajili ya lafudhi yangu. Leo ninao uwezo wa kumwajiri mgeni mwingine, anayesema lugha ileile niliyolelewa nayo. Nimekaa pande zote mbili za mlango, na nayasema haya kwa sababu hiyo.

Hoja yangu ni moja. Kila mwandishi anayo haki ya kuandika juu ya mtu asiye yeye, na kila mwigizaji anayo haki ya kuvaa maisha yasiyo yake. Lakini haki hiyo inakuja na deni. Mtu ambaye maisha yake yamechukuliwa aitwe, asikilizwe, aweze kukujibu, na apate fungu lake. Yakiwepo hayo, tunachanganyika, na kuchanganyika ndiko kulikotuzaa. Yasipokuwepo, tunapora, hata kama tunapora kwa mapenzi.

Niwape mfano nilioushuhudia. Niliingia katika ukumbi mmoja hapa mjini kutazama mchezo wa kuchekesha wa kifamilia. Ukumbi ulikuwa umejaa. Kijana mmoja alitokea jukwaani akiigiza mtumishi wa Kiafrika, amepakwa rangi nyeusi iliyoishia shingoni, kitambaa kichwani, ufagio mkononi. Kila alipofungua mdomo alitoa sauti zilizokusudiwa kuwa Kiswahili, zikichanganywa na Kiarabu cha kuvunjavunja. Watu walicheka. Kando yangu alikaa dada mmoja wa Tanga, aliyekuja na watoto anaowalea katika nyumba ya jirani yangu. Watoto wale wakamgeukia wakamuuliza kama hivyo ndivyo wanavyosema kwao. Akawajibu kwa upole, "Hapana, mwanangu. Kwetu nasema kama ninavyosema na mama yenu." Mama yao ni mwenzetu, mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja.

Wakati wa mapumziko dada yule aliniambia neno ambalo sijalisahau. "Bibi, umeona? Mtu wao huyo hana hata jina. Tangu mwanzo wanamwita 'we'." Nikarudisha fikra nyuma, nikaona amesema kweli. Kila mtu katika mchezo ule alikuwa na jina, mpaka fundi wa mabomba aliyepita dakika moja tu. Yule mtumishi peke yake, aliyekuwa jukwaani karibu muda wote, hakuwa nalo.

Nilimuuliza: kama angeandika yeye, angetia nini? Hakufikiri sana. Alisema angetia simu. Mwanawe yuko kwa bibi yake, na usiku humtumia ujumbe wa sauti. Mchana, akipiga pasi dishdasha, huuweka ujumbe uleule masikioni na kuurudia, kwa sababu saa ambazo mtoto yuko macho na saa ambazo yeye ana nafasi hazikutani. Akaongeza kwamba siku hizi mtoto anamwita bibi yake "mama", na yeye anamwita kwa jina. Hayo aliyasema akiwa anawapangusia watoto mikono iliyojaa juisi, kisha kengele ikalia tukarudi kukaa.

Ndugu zangu, katika maneno yale machache ulikuwamo mchezo mzima wa kuigiza, wenye kicheko na kilio, ambao mtunzi wa mchezo ule hakuujua kwa sababu hakuuliza. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wapo wanaoichukua methali hiyo kuwa amri ya kwamba asiyelala kitandani asiseme. Mimi siikubali tafsiri hiyo. Ingekuwa hivyo, fasihi yote ingekufa, maana hakuna riwaya isiyoingia katika kitanda cha mwingine. Ninachokisikia katika methali ni kwamba ujuzi huo anao aliyelala, na anayeutaka hana budi kumwendea.

Nalisema hili mapema kwa sababu sitaki barua yangu ichukuliwe kuwa ni ya kuwafunga watu midomo. Sisi wa pwani hizi mbili hatuna usafi wa kuulinda. Taarab ambayo kina mama wetu huiimba katika arusi zetu hapa Maskati ina Misri ndani yake, ina India, ina Unguja na bara. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar ndiye aliyempeleka mtu Misri kujifunza muziki ili ukumbi wa kasri upate burudani. Ilikuwa ni taarab ya wakubwa, ikiimbwa kwa Kiarabu. Kisha akaja Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa. Akauchukua muziki ule wa kasri akauimba kwa Kiswahili, juu ya mambo ya mitaa, mahakama na mapenzi, na mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Huo ndio mchanganyiko ninaouheshimu. Wa chini alichukua cha wakubwa akakifanya chake mbele ya macho yao, kwa jina lake mwenyewe.

Hapa kwetu tunayo lewa. Mnaijua kutoka Sur na Batina, na mnaiona katika sherehe za taifa: duara la watu, zumari katikati, na ngoma kubwa ya msondo inayoongoza. Ndani ya lewa yamo maneno ya Kiswahili, na baadhi ya wanaoyaimba leo hawajui tena maana yake, kwa sababu wazee waliokuja nayo hawakuja wote kwa hiari yao. Nimeona lewa ikiingizwa katika michezo ya jukwaani kama pambo la kubadilishia pazia. Dakika tatu za ngoma, makofi, kisha hadithi ya wenye nyumba inaendelea. Nikitafuta majina ya wapigaji katika karatasi ya ratiba, nakuta neno "kikundi cha ngoma za asili". Mcheza kwao hutuzwa. Hawa wanacheza kwao, katika nchi yao, nao hawatuzwi hata kwa kutajwa.

Katika fasihi tumewahi kufanya vizuri kuliko hivyo, na ushahidi uko mikononi mwetu. Jokha Alharthi, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, alitoa riwaya yake Sayyidat al-Qamar mwaka 2010. Hakuishi maisha ya Zarifa, mwanamke aliyezaliwa utumwani ambaye katika riwaya hiyo anamlea Abdallah, mtoto wa tajiri Sulayman. Lakini msomaji akifunga kitabu, Zarifa hamtoki. Ana methali zake, ana tamaa zake, ana hila na huruma. Mumewe Habib, aliyetekwa utotoni, hasahau kamwe kwamba alizaliwa huru. Mwana wao anataka kuondoka na kuishi kama mtu asiyemilikiwa na yeyote. Riwaya haiwaombei huruma, inawapa akili na hiari. Na katika nchi ambako utumwa ulikomeshwa rasmi mwaka 1970 tu, jambo ambalo wazee walio hai wanalikumbuka, kuliandika hilo kulitaka ujasiri.

Nataka pia mkumbuke kilichotokea mwaka 2019. Tafsiri ya Kiingereza ya riwaya hiyo, Celestial Bodies, iliyofanywa na Marilyn Booth, ilipata tuzo ya Man Booker International, ikawa ya kwanza kwa kitabu kilichoandikwa kwa Kiarabu. Zawadi ilikuwa pauni 50,000, nayo iligawanywa nusu kwa nusu kati ya mwandishi na mfasiri, kama kanuni za tuzo zinavyotaka. Angalieni vizuri hapo. Wapo waliokaa wakaamua kwamba anayeivusha sauti kutoka lugha moja hadi nyingine ana haki ya jina na ana haki ya fedha, wakaiandika katika kanuni. Tunaweza kuandika kanuni kama hizo kwa ajili ya anayeitoa sauti yenyewe.

Jirani zetu wa Kuwait nao wametuachia la kujifunza. Saud Alsanousi aliandika Saq al-Bambu, iliyopata Tuzo ya Kimataifa ya Riwaya ya Kiarabu mwaka 2013. Msimulizi ni kijana ambaye mama yake ni Mfilipino aliyekuwa mtumishi wa ndani, na baba yake ni kijana wa nyumba ile. Alsanousi alilijua deni lake akalitia katika umbo la kitabu. Riwaya inajitambulisha kana kwamba imeandikwa na kijana mwenyewe kwa Kifilipino na kufasiriwa kwa Kiarabu na mtu mwingine. Kwa njia hiyo mwandishi anamkumbusha msomaji katika kila ukurasa kwamba sauti hii ilianza katika lugha isiyo yetu. Kisha mwaka 2016 kitabu kikawa tamthilia ya televisheni, na nafasi ya kijana huyo akapewa Wonho Chung, mchekeshaji aliyekulia Yordani, mwenye baba Mkorea na mama Mvietinamu. Mwigizaji huyo ni hodari, na Kiarabu chake ni safi. Simlaumu yeye hata kidogo. Lakini nchi za Ghuba zina Wafilipino kwa mamia ya maelfu, wakiwemo waliozaliwa na kusomeshwa hapahapa. Kitabu kilichohangaika namna ile kumtafutia Mfilipino sauti kilipofika kwenye skrini, nafasi kubwa kuliko zote haikwenda kwa Mfilipino.

Hilo linanionyesha kwamba moyo mwema hautoshi. Mfano mwingine uko mbali na sisi, lakini unafundisha zaidi. Mwaka 2003 kundi la Théâtre du Soleil la Paris, chini ya Ariane Mnouchkine, lilionyesha Le Dernier Caravansérail, mchezo mrefu uliojengwa juu ya maneno ya wakimbizi wenyewe, waliosikilizwa katika makambi na vituo walikozuiliwa. Mwaka 2018 kundi hilohilo, likiongozwa safari hii na Robert Lepage wa Québec, liliandaa Kanata, mchezo juu ya wenyeji wa asili wa Kanada, na katika waigizaji wake hapakuwa na mwenyeji wa asili wa Kanada hata mmoja. Wasanii wa jamii hizo waliandika barua ya wazi katika gazeti la Le Devoir. Hawakutaka mchezo upigwe marufuku. Walitaka washirikishwe. Mnouchkine alishikilia kwamba tamaduni si mali ya mtu. Wafadhili wengine wakajitoa, na mwishoni mchezo ukaonyeshwa Paris mwezi Desemba bila wale waliouomba mlango ufunguliwe.

Nakubaliana na Mnouchkine kwamba utamaduni hauna hatimiliki. Lakini waliolalamika hawakudai hatimiliki. Walidai nafasi ndani ya chumba cha mazoezi. Kundi lililowasikiliza wakimbizi mwaka 2003 lilikuwa kundi lilelile lenye nia ileile mwaka 2018. Kilichobadilika, mbali na mwongozaji, ni utaratibu wa kazi: mara ya kwanza walianza kwa kusikiliza, mara ya pili waliolalamika walisikilizwa baada ya kazi kwisha kupangwa. Kwa hiyo sitawauliza mnawapenda wahamiaji kiasi gani. Nawauliza mnawaita lini.

Na wao wanapotuandika sisi, tunakuwaje? Hapo nina habari njema. Mwaka 2008 Benyamin, aliyekuwa akiishi Bahrain, alichapisha kwa Kimalayalam riwaya ya Aadujeevitham, juu ya mfanyakazi wa Kihindi aliyetelekezwa jangwani Saudia achunge mbuzi. Filamu yake ilitoka mwaka 2024, na kafili, yaani mwajiri, katili ndani ya filamu hiyo aliigizwa na Muomani, Talib al Balushi. Alikubali kuusimamisha mwili wake mahali ambapo mamilioni ya watazamaji watamchukia, ili kisa cha mhamiaji kisimuliwe sawasawa. Kwangu mimi huo ni mchanganyiko wa daraja la juu kabisa. Mhamiaji ameshika kalamu, na mwenyeji ameingia katika hadithi yake kwa masharti ya hadithi hiyo.

Sasa nigeuke kwa watu wangu, Waomani wa Zanzibar, kwa sababu barua hii ingekuwa na upungufu kama ningenyooshea wengine tu kidole.

Sisi tunalo jeraha la kweli. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliwaua jamaa zetu, yakawatawanya waliobaki. Tunayo haki ya kuyaandika, na tumekuwa tukiyaandika, katika kumbukumbu, mashairi na visa vya jukwaani. Nimehudhuria jioni nyingi za namna hiyo. Kuna kanga, kuna udi unafukizwa, kuna halua na kahawa, kuna nyimbo za zamani, na wazee wanalia. Nami nimelia nao. Lakini katika visa vingi vya namna hiyo nilivyoviona, yaya anapita nyuma akiwa amebeba sinia. Ni Mwafrika, anatupenda, analia tunapoondoka, na hatujui kwao wapi. Lugha ya mchezo mzima ni yake kama ilivyo yetu, lakini hana sentensi tatu za kusema. Na nje ya ukumbi, nyumbani, yupo dada mwingine wa Tanga au wa Mombasa anayetungoja turudi ili afunge mlango. Tunaichukua lugha yake kupambia huzuni yetu, na huzuni yake hatuiulizi.

Tunasema sisi ni wahamiaji, tunajua uchungu wa kuondoka. Ni kweli. Lakini aliyerudi kwa mwito wa Sultani akapewa uraia hayuko sawa na aliyekuja kwa mkataba wa wakala na pasipoti yake ikawekwa kabatini mwa mtu. Mwezi Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Emirati: pasipoti kuchukuliwa, mishahara kuzuiwa, saa za kazi zisizo na mwisho, kupigwa na kudhalilishwa. Si kila nyumba iko hivyo, nami najua nyumba nyingi zinazoishi na watu wao kwa haki. Lakini mtu ambaye tumemzoea jukwaani kama kichekesho kisicho na jina, siku atakapokwenda kituoni kusema amedhulumiwa, ataaminiwa na nani? Kicheko cha ukumbini kinamfuata mpaka kwenye meza ya mashitaka.

Yupo mtoto wa Unguja aliyelifikiria jambo hili kwa kina kuliko mtu yeyote ninayemjua. Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, aliandika By the Sea mwaka 2001. Mzee Saleh Omar anaingia Uingereza kuomba hifadhi kwa pasipoti na jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban, aliyekwisha kufa. Amechukua jina lisilo lake ili apate kuishi. Lakini Gurnah hamwachi hapo. Anamleta mlangoni mwake Latif, mtoto wa Rajab Shaaban, anayeishi London. Na sehemu kubwa ya riwaya ni watu wawili hao wamekaa, mmoja anasimulia, mwingine anapinga, anasahihisha, anakasirika, anarudi tena. Wana madai ya zamani baina yao, ya nyumba na ya mali. Mwishoni hawawi ndugu wa hadithi za watoto, lakini kila mmoja amepata kwa mwenzake sehemu ya maisha yake ambayo hakuwa nayo. Aliyechukua jina alikaa na mtoto wa mwenye jina akamtolea hesabu. Waandishi wenzangu wa Maskati wakitaka kujua mpaka kati ya kupora na kuchanganyika uko wapi, waisome riwaya hiyo kwa jicho hilo.

Ninajua mtanijibu nini. Mtasema ukimpa kila mtu haki ya kuusahihisha mswada, utapata mchezo wa kamati, usio na meno. Hofu hiyo ina msingi, na mimi siombi kura ya turufu kwa yeyote. Anayesikilizwa si lazima afuatwe. Mtunzi abaki na kalamu yake, aandike hata yasiyopendeza, maana wahamiaji nao wana waongo, wana wakali na wana wachoyo, na kuwafanya malaika ni njia nyingine ya kuwanyima utu. Yule dada wa Tanga hakulalamika kwamba mtumishi wa jukwaani alikuwa mvivu au mjanja. Alilalamika kwamba hakuwa mtu.

Kwa hiyo naomba mambo matano.

Kwanza, rangi ya usoni na Kiswahili cha kubabaisha viishe. Viishe katika kumbi, katika michezo ya skuli, na katika vichekesho vya Ramadhani. Jumuiya yenu iseme hivyo waziwazi, na waamuzi wa mashindano waliandike katika vigezo vyao.

Pili, mhusika aseme lugha yake. Jumba la Opera la Kifalme lilifunguliwa Oktoba 2011 kwa Turandot, kisa cha Peking kilichotungwa na Mwitaliano Puccini, nasi tulikifuata kwa tafsiri iliyoandikwa kwenye vioo vidogo mbele ya viti vyetu. Hatukumwambia mwimbaji aimbe kwa Kiarabu kibovu ili tumwelewe. Heshima tuliyompa Puccini, mpeni pia mwanamke wa Tanga, wa Dhaka na wa Cebu. Ukumbi mdogo hauhitaji vioo hivyo, projekta moja na ukuta mweupe vinatosha.

Tatu, mswada usomwe mbele ya wenyewe kabla ya mazoezi kuanza. Usomwe Ijumaa, kwa wale wenye ruhusa ya kutoka, nauli yao ilipwe, na saa zao zilipwe kama mnavyomlipa mshauri yeyote. Na hapa pana uangalifu. Mfanyakazi anayesimulia ya ndani ya nyumba anaweza kupoteza kazi na kurudishwa kwao. Achague mwenyewe kutajwa au kufichwa, na aweze kuyarudisha maneno yake hata siku ya mwisho.

Nne, majina na malipo. Mpiga zumari, mwimbaji wa taarab, aliyetoa kisa, aliyefasiri: waandikwe katika ratiba kama anavyoandikwa mwongozaji. Mchezo ukienda tamashani nje ya nchi, nao wawemo katika hesabu.

Tano, wapeni nafasi ya kuandika wenyewe. Fungueni warsha na kipengele katika mashindano yenu kwa kazi zilizoandikwa kwa Kiswahili, Kibaluchi, Kimalayalam, Kibangla na lugha nyingine za mji huu, na mzifasiri kwa Kiarabu. Tumeona mwaka 2022 Paradise ya Gurnah ikirudi pwani kwa Kiswahili kama Peponi, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis, na wasomaji waliokuwa wakisikia habari zake tu wakaweza kuisoma. Jambo hilo linawezekana na hapa.

Tukumbuke pia kwamba tumewahi kuwa upande wa pili. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliishi Ujerumani akiwa kioja machoni pa watu, mpaka akaamua kuandika mwenyewe, na mwaka 1886 kumbukumbu zake zikatoka kwa Kijerumani. Tangu hapo waandishi wa Ulaya wamemtungia riwaya zao. Sisi tunazisoma kwa macho makali, tunauliza walijuaje, nani aliwaambia, mbona hapa wamekosea. Maswali hayo ni ya haki. Ni haki vilevile dada wa Tanga atuulize sisi.

Kwa upande wetu, tunaozungumza Kiswahili hapa Maskati, tupo tayari kwa kazi. Tutasoma miswada, tutasahihisha lugha, tutafasiri, tutawaalika wale wanaotaka kuja na kuwapeleka nyumbani salama baada ya mkutano. Ninachowaomba ni jibu la hadharani kama ilivyo barua hii: je, mswada wenu wa kwanza utakaomhusu mhamiaji utasomwa mbele yake kabla haujasomwa mbele yetu? Mkisema ndiyo, tupeni tarehe. Mkisema hapana, tuambieni sababu, nasi tutaendelea kuwauliza.

Wabillahi tawfiq.

Msomaji na mtazamaji wenu,
Mswahili wa Maskati